Jimu ya ngumi na mateke upande wa Kinondoni: vifaa vipo, mwalimu hakuna

Naanza na mazuri maana yapo, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Jimu ni safi. Kiyoyozi kinafanya kazi, mabafu yana maji ya moto, ulingo mpya kamba bado zinang'aa, magunia ya kupiga yananing'inia safu nzima na hakuna hata moja lililofungwa selotepu, dada wa mapokezi mcheshi na anashika majina ya watu haraka. Kama unatafuta sehemu ya kutoa jasho ukitoka kazini halafu upige picha glavu zikiwa shingoni, nenda, utafurahi, wala huna haja ya kuendelea kusoma. Mimi nilienda kujifunza kupigana na hapo ndo tuliposhindwana.

Jina silitaji. Iko ghorofani, wenyewe wakisoma watajijua. Isitoshe nimezungukia jimu kadhaa hapa mjini na mengi nitakayosema utayakuta na kwingine, ila hii ndo niliyokaa nayo muda mrefu na ndo iliyokula hela yangu kuliko zote.

Tuanze na bei. Kujiunga elfu 50, mwezi laki na 20, unalipa kwa Lipa Namba, risiti mpaka uombe. Halafu siku ya kwanza unaambiwa glavu ulizokuja nazo hazifai, lazima ununue "za timu", zina nembo ya jimu, laki na nusu, na ukienda Kariakoo unazikuta zile zile bila nembo kwa nusu ya hela hiyo na ukijua kuongea unapunguziwa tena. Za kwangu mshono ulianza kuachia kabla masika haijaisha. Nikazirudisha mapokezi, nikaambiwa niongee na Masta, ndo kocha wa pale, Masta akaniambia ngumi zangu ni kali hahaha, basi ikaishia hapo.

Sasa darasa lenyewe. Jioni saa kumi na mbili na nusu watu wanajaa, wengi tunatoka maofisini Posta na Masaki huko, tumeshachoka na foleni, Masta anaingia (ndo anavyotaka aitwe, ukimwita kocha anakukata jicho), anafungulia muziki na shughuli inaanza. Kamba. Pushapu. Kuchuchumaa na kuruka. Sitapu. Kukimbia kuzunguka ulingo. Pushapu tena. Nusu saa na ushee imekatika hujarusha ngumi hata moja. Halafu magunia, kila mtu na gunia lake, raundi za dakika 3, yeye yupo katikati anapiga kelele "Nguvu! Nguvu iko wapi!" huku mkono mmoja umeshika simu anarekodi ya Instagram. Raundi zikiisha mnajinyoosha dakika mbili, mnapiga makofi, mnapiga picha ya pamoja, mnaenda nyumbani. Kesho hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na unatoka pale umelowa chapachapa, miguu inatetemeka, unajiona umefanya kazi kubwa kweli kweli, na ujanja wake upo hapo hapo, maana uchovu unaupata kihalali kabisa, ngumi ndo hujafundishwa. Kubeba saruji nako kunachosha na unalipwa.

Kuna kaka mmoja yupo pale zaidi ya mwaka, hakosi, mtu mwema sana, na kuna waliokuja juzi. Wasimamishe mbele ya gunia, zima muziki, waangalie. Tofauti yao ni pumzi tu. Kidevu kiko juu vile vile, miguu inapishana vile vile wakienda pembeni, mkono unakunjika kwenye kifundo vile vile konde likitua. Nusu ya darasa wana bandeji za duka la dawa juu ya bandeji za ngumi, wameteguka, kwa sababu hakuna aliyekaa nao dakika tano kuwaonyesha bandeji inavyofungwa na kwamba konde linatakiwa litue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kiganja na mkono vikiwa mstari mmoja. Hilo ni somo la siku ya kwanza! Mimi karate nilifundishwa sekondari, tena juu juu, na hilo niliambiwa kabla hata sijajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kijapani.

Haya, uliza swali. "Masta, kisigino cha mguu wa nyuma kinyanyuke au kikanyage?" Jibu: "Wewe piga kwanza, mengine yatakuja yenyewe." Hayakuja. Ukiuliza mara ya pili unapewa pushapu 20 mbele ya watu, eti unapunguza kasi ya darasa. Watu wanacheka, na wewe unajifunza kitu kimoja, kutouliza. Baadaye sana ndo nilikuja kustuka kwamba mtu anayekasirishwa na swali dogo namna hiyo inawezekana kabisa jibu hana.

Na maji. Maji hairuhusiwi mpaka raundi ziishe, eti yanalegeza mwili. Siku ya kawaida na kiyoyozi unavumilia. Kuna siku umeme ulikatika, joto la Februari mnalijua, madirisha ya kioo hayafunguki, watu thelathini humo ndani, na bado maji hakuna. Dada mmoja akaanza kuona giza akaenda kukaa, akaambiwa asimame. Mwili unajipoza kwa jasho na hewa ya Dar ina unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu, sasa ukimnyima mtu maji hapo unatarajia nini? Wachezaji wa mpira wanasimamishiwa mechi wanywe maji kwenye joto, sisi wahasibu ndo tunafundishwa ujasiri.

Sasa nimtaje baba mdogo wangu maana yeye ndo alinifungua macho. Alicheza ndondi za ridhaa timu ya jeshi ujana wake, ni wa kizazi kilichoshangilia Michael Yombayomba alipochukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur 1998, na ukimwachia nafasi atakurudisha mpaka kwa Titus Simba na medali yake ya fedha ya Edinburgh 1970, wakati yeye mwenyewe alikuwa hajaanza hata shule. Siku moja alikuwa na shughuli zake mitaa ile akasema atanipitia tuondoke wote. Akafika mapema, nikamwamkia, nikamkalisha kwenye benchi la wageni. Akakaa darasa zima hajasema neno, hata chupa ya maji aliyopewa hajaifungua.

Tumeshuka maegeshoni ndo akauliza. "Mama, yule kijana pale mbele anafundisha nini?"

Ngumi, baba mdogo.

"Saa nzima sijamuona amesogelea mtu akamgeuza bega. Hata mmoja. Kaangalia simu na kioo." Halafu akaniambia nisimame nirushe jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele. Hapo hapo katikati ya magari, tisheti imelowa. Nikarusha. Akavua ndala yake ya kulia akaivaa mkononi ikawa ndo pedi, ile ya kocha ya kupokelea ngumi, akasema tena, nikarusha, mkono wangu wa nyuma uliposhuka ndala ikanigusa shavu. Pa. Nikarusha tena. Pa. Mlinzi anacheka mpaka kashikilia geti. "Mkono wa kulia unaenda wapi kila ukirusha wa kushoto? Unaaga mtu? Uache shavuni. Rusha." Tukaendelea pale mpaka ndala ikawa inakuta kiganja changu badala ya shavu, akaridhika, akaivaa, tukaondoka. Kwenye foleni ya Morocco akaongezea la miguu, kwamba nikienda kulia mguu wa kulia utangulie, nikienda kushoto wa kushoto utangulie, nisiipishanishe kamwe, maana ukipigwa miguu imepishana unaenda chini hata konde likiwa jepesi.

Hayo mawili ndo mambo ya kwanza ya ngumi niliyofundishwa tangu nilipie ile kadi, na nimeyapata maegeshoni, bure, kwa mzee wa ndala. Na wala si siri za kijeshi, kocha yeyote wa ngumi anayajua, au anatakiwa ayajue. Kinachotakiwa ni akuangalie. Akuone wewe, aone kosa lako lililo tofauti na la jirani yako, alikamate moja, akukalie nalo mpaka liishe ndo ahamie lingine. Darasa la watu thelathini kocha mmoja anaweza kupita kwa kila mtu dakika moja na bado muda ukabaki, ila awe ameweka simu chini.

Tukija kwenye sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, ndo uchungu wangu ulipo.

Sparingi ni Ijumaa. Mpangilio wa uzito hakuna, wa uzoefu hakuna, Masta ananyoosha kidole tu, wewe na wewe, ingieni. Katikati ya gunia na kupigana hakuna daraja lolote, hakuna lile zoezi la mmoja anarusha jebu tu mwenzake anazuia tu halafu mnabadilishana, hakuna kucheza taratibu ujifunze umbali, unatoka kupiga kitu kisichorudisha unakutana na mtu anayerudisha. Glavu zozote twende. Nimeona watu wanachapana na za aunsi 10, hizo ni za ulingoni siku ya pambano, za sparingi kwa watu wazima kwa kawaida ni aunsi 16 maana sifongo yake ni nene. Kinga ya meno kama hauna unaambiwa ufunge mdomo. Helmeti zipo mbili, zinanuka kama zimelowekwa, na hata ukivaa inakusaidia nyusi zisichanike, ubongo unatikisika humo humo ndani ya fuvu kama kawaida.

Alikuja kijana mmoja wa benki, mpole, ana wiki chache tu, kanunua na bukta mpya. Masta akamwingiza na bondia wake, yule anayeandaliwa kwa mapambano, mtu anayepanda ulingoni kwa hela. Bondia mwenyewe hakuwa na ubaya, mara mbili nilimuona anamwangalia Masta kama anauliza nipunguze? Masta anapiga ukelele "Kazi! Kazi!" na simu iko juu. Konde la kushoto la kuzungusha likamkuta kijana kwenye taya, magoti yakaachia, akakaa chini. Akasimama anatabasamu, lakini macho hayapo. Uko sawa? Niko sawa. Akaenda pembeni akatapika kwenye ndoo ya kudekia. Akaniuliza, leo Alhamisi eeh? Nikamwambia Ijumaa. Muda kidogo akaniuliza tena, leo Alhamisi eeh? Na Masta anasema mpeni maji amalizie raundi ya mwisho, asije akaondoka na woga.

Jamani. Mtu kapigwa kichwani kayumba, katapika, anarudia swali lile lile, siku hiyo kazi yake imeisha. Harudi ulingoni hata aseme yuko fiti mara mia, haendeshi gari, haachwi peke yake, anapelekwa hospitali. Kwenye ndondi za ridhaa bondia akizimishwa kwa konde la kichwa anasimamishwa siku zisizopungua 30, na hizo siku sparingi pia hairuhusiwi, na ikijirudia anaongezewa muda. Hawakuweka hivyo kwa kudekeza watu. Ubongo ambao haujapona ukitikisika mara ya pili, hata kwa kitu kidogo, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ya kwanza, na wapo waliokufa hivyo. Kama kocha hajui hili asishike hata saa ya kuhesabia raundi.

Tulimtoa sisi wenyewe, mimi na yule kaka wa mwaka mzima. Tukamvua glavu, tukamshusha ngazi, bajaji mpaka hospitali, daktari akamwangalia na kumpa mapumziko. Asubuhi yake nafungua stetasi nakuta video ya kijana anakaa chini, imepunguzwa kasi, imewekwa vikatuni vya kucheka na maneno "hapa ni jimu ya wanaume". Dada mmoja akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba hii si sawa, mwenzetu alipelekwa hospitali. Akajibiwa "hatulei mayai hapa", wawili watatu wakacheka, jioni dada wa watu katolewa grupu. Kijana hakurudi tena na Masta alimtolea mfano wiki nzima, eti vijana wa siku hizi ni laini.

Mtu anayejua ngumi haongei hivyo. Wathai wenye Muay Thai yao, ngumi na mateke ya kwao, wanaanza wakiwa watoto na wanapanda ulingoni mara kwa mara, ila waangalie wakiwa mazoezini kambini, wengi wanachezeana mateke mepesi huku wanacheka, kwa sababu mwenye pambano wiki ijayo hawezi kukubali kuvunjwa na mwenzake anayekula naye wali. Nguvu zinatunzwa kwa siku yake. Hata hapa kwetu, pambano la kulipwa lina Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, lina mwamuzi wa kusimamisha, lina daktari ukumbini. Ijumaa ya jimu wa kumsimamisha Masta ni nani?

Na nisieleweke vibaya, sipingi heshima. Karate ya Goju-ryu inafundishwa Dar hii tangu miaka ya 1970, shule ya Zanaki pale, na walimu waliotoka mkondo ule unainama mbele yao na wao wanainama mbele yako, ukikosea wanakuja, wanakushika kiwiko, wanakurudisha mwanzo bila kukuchoka. Huyu wa kwetu kachukua kuinama peke yake. Unainama ukiingia, unainama ukitoka, unainama ukichelewa, hela unatoa kwa mikono miwili, na yeye cheti chake cha mkanda kipo ukutani juu sana karibu na dari huwezi kusoma nani alikitoa. Niliwahi kumuuliza mwalimu wake ni nani, swali la kawaida kabisa kwenye michezo hii, kila mtu hutaja mwalimu wake kwa fahari. Akasema nina udadisi mwingi kwa mwanafunzi.

Jumamosi kuna darasa la kina dada la kujihami, ndo linatangazwa kuliko yote. Nilikwenda. Tulifundishwa kumnyang'anya mtu kisu. Kisu cha plastiki, msaidizi wa Masta anakileta polepole, mkono umenyooka, anausimamisha hewani anakusubiri, unaushika unauzungusha, anaanguka mwenyewe, makofi. Kibaka gani wa Dar analeta kisu namna hiyo? Wa kwetu tunawajua, wawili kwenye pikipiki, pochi inakwapuliwa begani na ukiing'ang'ania unaburuzwa kwenye lami. Hakuna aliyetuambia ukikwapuliwa achia. Hakuna aliyezungumzia kutembea begi likiwa upande wa ukuta, wala kupiga kelele, wala kuhusu watu tunaowajua, bosi, jamaa wa ukoo, bwana mwenyewe wa nyumbani, wakati wanawake wengi wanaoumizwa wanaumizwa na hao hao. Tukapewa vyeti.

Halafu cha ajabu, darasa hili ndo Masta anakumbuka kurekebisha watu. Kwa kina kaka bega halishikwi mwaka mzima, kwa kina dada kiuno kinashikwa kila raundi, na ni viuno vya watu wale wale. Kwangu alikuja nikamwambia nielekeze kwa mdomo nitaelewa, akasema mimi ni mgumu kufundishika. Sawa. Kuna shost wangu pale alikuwa anapokea meseji saa tano usiku, "umefika salama mrembo?", na alipoacha kujibu akaacha pia kupangiwa pedi. Dada mnaotaka kwenda, nendeni wawili wawili.

Watoto nitasema kidogo tu. Wana darasa la taekwondo asubuhi, mtihani wa mkanda kila baada ya miezi michache, kila mtihani una ada yake, na sijawahi kusikia mtoto aliyefeli. Mama mmoja mapokezi alikuwa anatuonyesha kwa furaha picha ya mwanae wa miaka 9 na "dan ya kwanza", yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi. Kukkiwon ya Korea, wenye taekwondo yao, mtoto wa chini ya miaka 15 hawampi dan, wanampa poom, ni daraja la watoto na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Sikumwambia, mtoto alikuwa amefurahi. Ila mzazi unayelipa, uliza cheti kinatoka wapi.

Najua kwa nini hizi jimu zimekuwa nyingi. Tangu Hassan Mwakinyo amchakaze Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham 2018, ngumi zimerudi midomoni mwa watu, mapambano yanaonyeshwa kwenye tivii usiku kucha, kila mtu anataka kukunja ngumi, na mimi nimo. Ni jambo zuri kabisa. Lakini mtu akishakuwa na ukumbi, kioo na spika, sisi wateja tunamaliza kazi iliyobaki, tunamwita Masta na tunamlipa.

Hukumu yangu basi: usafi nyota 5, vifaa nyota 5, kufundisha nyota 1 na hiyo ni kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri, usalama wa mtu kwenye sparingi usiombe. Nimeomba nirudishiwe hela ya mwezi ambao sijaingia, meneja anasema niongee na Masta, Masta anasoma meseji hajibu. Kama bado unataka kujaribu, kabla ya kulipa omba kukaa benchini darasa zima, usiangalie Masta anavyopiga pedi na bondia wake maana hiyo ni ya kamera, mwangalie yule mnene wa nyuma kabisa anayekosea kila kitu, uone kama kuna mtu atamfuata. Na nenda Ijumaa.

Mimi sasa hivi nipo Manzese, baba mdogo ndo alinipeleka kwa mtu wanayejuana. Paa la mabati, gunia mawili, matairi, sakafu ya saruji ina nyufa, buku mbili kwa siku. Si peponi, msidanganyike, vijana wa pale nao wana nguvu za sifa na mara mbili kocha amelazimika kumtoa mtu ulingoni kwa kumvuta bukta, choo cha kina dada ni kuomba nyumba ya jirani, na fangasi za miguuni nimeshazipata. Ila wiki ya kwanza nzima sikuruhusiwa kugusa gunia, nilikuwa natembea. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, chaki imechorwa chini, kocha kakaa kwenye ndoo anaangalia visigino. "Dada, mguu. Dada, mguu. Hapo. Rudia." Sparingi nimeanza juzi, jebu tu, na binti wa kidato cha tatu ambaye ananipiga anavyotaka.

Jumamosi wanaanza saa moja asubuhi. Anayetaka kuja aje na bandeji zake na kinga yake ya meno, za kuazimana hakuna.